Fulana Niliyoendea Kuposa Masanze

Jamani, leo nimeaibika ukweni! Nawaandikia nikiwa intaneti kafe hapa Kilosa mjini, jasho halijakauka.

Asubuhi tumekwenda Masanze kumposa Zaina wangu. Nikatinga fulana mpya. (Mpya kwangu. Ni mtumba, belo limefunguliwa juzi sokoni, nikaigombea na mama mmoja mwenye viwiko vigumu.) Nyeusi, ina kola, kifuani herufi za dhahabu: DIABOLICAL. Maana yake sikuijua. Nani anasoma mtumba? Tunaangalia kola!

Kwenye posa anayesema ni mshenga. Mposaji unakaa kimya, macho chini. Mshenga wangu ni mjomba Shabani, na huyo akianza kukusifia utajiuliza anamsema nani.

Shikamoo, marahaba, tukakaa mkekani. Baba yake Zaina, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akanikazia macho kifuani. Nikajua fulana imemwingia! Nikatanua kifua. (Mjinga mimi.)

"Mshenga," akasema, "neno hilo kwenye fulana ya kijana wako lina maana gani?"

Mjomba hana hata Kiingereza cha kuombea maji. Lakini kukosa jibu? Thubutu!

"Ndiyo sifa yake hiyo, mzee wangu. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Na ukoo wetu wote tuko hivyohivyo, hasa akina mama."

Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Mzee akakohoa. "Maana yake ni ya kishetani. Na si utundu wa kawaida. Mtu anapanga kumuua nduguye huku anacheka naye, mpango wake ndio unaitwa hivyo."

Shangazi yake Zaina akavuta mkoba wake karibu. Nyuma ya pazia nikamsikia Zaina mwenyewe: "Mungu wangu!" Nikaona mke ndiye huyo anaondoka. Mila nikaziweka kando, nikavua fulana palepale! Nikabaki na singlendi. (Ina matundu. Nayo mtumba.)

"Baba, mimi nilipenda kola tu!"

Mzee akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Waposaji wangapi wamekuja hapa, wote malaika! Huyu ndiye wa kwanza kutangaza ubaya wake kifuani. Posa tumeipokea."

Imepokelewa! Vigelegele, jamani! Zaina ni wangu, na mjomba anadai ni kwa sababu ya maneno yake.

Fulana imebaki hukohuko, mama mkwe anaipigia deki. Atakayecheka, siku ya harusi pilau atalisikia harufu tu.