Moshi wa Bi. Nagahata Unamvuta Mume Wangu

Kwa Bwana Orita,
Mwenyekiti wa Mtaa wetu, Awaji.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Wangu ni mzima, ila roho haijatulia, na sababu ni jirani yangu Bi. Nagahata, mjane kama mimi. Keshokutwa ni sikukuu ya Bon, marehemu wetu wanarudi majumbani wakifuata harufu ya udi. Naomba umpige marufuku kuwasha wake jioni hiyo, kwa sababu zifuatazo.

1. Anachoma udi wa kifahari, unaonukia hadi barabarani. Mimi nachoma vijiti vilivyovunjika, vile tunavyopewa wastaafu wa kiwanda cha udi. Ungekuwa marehemu, Mwenyekiti, umetoka safari na njaa yako, ungeingia mlango upi?

2. Mume wangu Shigeo anajulikana. Enzi za uhai wake, akitoka kazini alianzia kwa Bi. Nagahata, eti kumpitia rafiki yake Tamotsu, mume wa bibi huyo, ndipo waje kwangu kucheza kete za shogi barazani mpaka chai inapoa. Nilidhani ni urafiki. Sasa najiuliza kama haikuwa harufu ya jikoni kule.

3. Chetezo chake kakiagiza kwa mfinyanzi wa Kyoto, kimesimama wima kama bwana harusi. Changu alikifinyanga Shigeo mwenyewe baada ya kustaafu, na kimepinda. Kijiti kinaegemea upande wa Bi. Nagahata, majivu yanaangukia mkeka wangu, moshi unavuka ukuta kwenda kwake. Mtu hafinyangi chetezo cha namna hiyo bila mpango. Ningekuletea kama ushahidi, lakini sina kingine.

4. Akifikia kule mwaka huu, ataizoea njia. Mwakani atakuja na ukoo wetu mzima wa Hamaguchi, na wafu wa nyumba nyingine watafuata mkumbo. Mtaa utabaki na nyumba moja iliyofurika marehemu na nyingine zote tupu. Hilo ni suala la utawala, si wivu.

Hii ni Bon yake ya kwanza tangu anitoke, Mwenyekiti. Nina hamu naye, na sitaki apotee.

Msalimie mkeo, wanao, na yule paka wenu mwizi wa samaki.

Mkazi wako mtiifu,
Fumie Hamaguchi

Tanbihi: Barua ilishaingia kwenye bahasha Bi. Nagahata alipobisha hodi. Alikaa akizungusha kikombe, kisha akasema, "Shoga, nina ombi la aibu. Keshokutwa usiwashe udi. Tamotsu akinusa wa kwako, kwangu hafiki. Miaka yote aliniambia anafuata shogi, kumbe alifuata achari zako za figili."

Tulicheka mpaka tukalia.

Alipoondoka nilikigeuza chetezo, kijiti kikiwaka. Jambo jepesi kabisa, sijui kwa nini halikunijia mapema. Moshi ukaingia ndani kwangu wote, nikakaa nao peke yangu kwa muda. Halafu nikakirudisha kilivyokuwa, kiegemee kwa jirani. Shigeo hakuwahi kurudi nyumbani bila kumpitia Tamotsu, na nikimleta moja kwa moja atacheza na nani?

Kwa hiyo ombi langu lifute. Na keshokutwa jioni usije kutukagua, maana nimeandaa vikombe vinne tu.