Mstari Wenu Umeteremka Mpaka Dukani kwa Binti Yangu

Kwako Ndugu Mhariri wa ukurasa wa biashara,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea herufi nisahihishe, mradi maana usiiguse.

Nakuandikia kuhusu habari ya Jumatatu iliyopita. Mchambuzi wenu wa masoko alitabiri kwamba kwa kuwa mashine mpya ya gemu imetoka, ile ya zamani haitakuwa na mnunuzi hata mmoja ifikapo mwezi wa saba. Akachora na mstari. Unaanzia juu, mzuri tu, halafu unateremka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

Sasa binti yangu wa pili anauza hizo za zamani na kuzitengeneza, dukani kwake nyuma ya kituo cha mafuta. Zimebaki ishirini na sita kwenye rafu. Aliukata mstari wenu kwa mkasi akaubandika ukutani. Jioni akaniambia analifunga duka, anakwenda mji wa mbali kuajiriwa na duka kubwa linalouza hiyo mpya. Walishamwita mara mbili akakataa. Safari hii akasema, "Mama, gazeti lina sababu gani ya kunidanganya?" Swali hilo nakuletea wewe, ndiyo maana naandika.

1. Mchambuzi hakutuuliza. Mimi mchana nashinda pale nafuta vumbi, ningemwambia. Wanaoulizia mpya ni wengi. Wakitajiwa bei wanaomba kiti. Wakishapata nafuu wanauliza, na ile ya zamani je? Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini mfuko nao una akili zake.

2. Ule ni utabiri au ni amri? Jumamosi ya kabla ya gazeti tuliuza tatu. Tangu Jumatatu mteja akiingia anasoma ukuta, anampa binti yangu pole, anatoka. Fundi viatu wa jirani ameuliza mazishi ni lini. Yaani mnasema watu hawatanunua, watu wanasoma, hawanunui, kisha mwezi wa saba mtaandika kwamba mlisema. Ndugu Mhariri, hata mimi nikitangaza mtaani kwamba chai ya jirani ina nzi, kesho nitaitwa mtabiri.

3. Kama mstari unaweza kuua, basi unaweza na kuponya. Naomba mchore mwingine unaopanda. Sina tamaa, miaka mitatu inanitosha. Binti yangu akishauona atatulia, na huo mji wa mbali utapata mtoto wa mtu mwingine.

4. Na mkishaliweza hilo, kwa nini muishie kwenye gemu? Goti la baba yao linateremka tangu mwaka juzi. Binti yangu mkubwa na mumewe wanaongea kwa kupitia watoto. Wachoreeni na wao. Halafu mniambie na mimi, maana nimetoka kitambo, nina mikwaruzo, nikifanya kazi sana napata moto, lakini bado nawaka. Huo mwezi wa saba na mimi nimo?

5. Huyo Mchambuzi ana mama? Kama anaye, anaishi naye karibu? Kama anaishi naye karibu, basi hajui alichokiandika. Naomba ahamishiwe ukurasa wa hali ya hewa, ambako akikosea tutalowa tu, tutakauka.

Wakati nasubiri mstari wangu sikukaa bure. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu mashine ya zamani ni nzima, waende wakaone wenyewe.

Nisalimie wapiga chapa wote, mlinzi wa getini, na yule anayetunga chemshabongo, mwambie asitukomoe. Baba yao anawasalimu, goti pia.

Ni mimi mwenye mtoto anayetaka kuondoka,
Mama Fundi Gemu

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha. Leo mchana nimekuta rafu tupu. Wale niliowagongea milango wamekuja wote, na wengine wamekuja mbio kwa sababu ya gazeti, wakisema wawahi kabla hazijaadimika. Zimekwisha zote ishirini na sita, na kiwandani hawatengenezi tena. Kwa hiyo mauzo yamefika sifuri, tena mwezi wa saba bado haujafika. Mchambuzi alisema kweli, nafuta yote, abaki hapo hapo alipo. Binti yangu sasa hana mzigo wa kumshika mguu, na nauli anayo. Anaondoka Alhamisi. Amenikumbatia mbele ya wateja akasema, "Mama, umenifungulia njia." Basi nakuomba, Ndugu Mhariri, barua hii usiichape. Anasoma gazeti lenu kila siku, na sitaki ajue kwamba njia yenyewe nilikuwa naiziba.