Mafungu Ishirini na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Mkutubi wa shule ya wasichana amekuja mwenyewe karakanani. Kaleta riwaya. Si kitabu tena, ni mzoga: jalada hakuna, uti umekatika, kimebaki rundo la mafungu 26 yaliyofungwa kwa kamba. Kila fungu ni karatasi nne zilizokunjwa katikati, kurasa 16. Jumla 416. Na namba za kurasa hazipo! Fundi aliyenitangulia, Mungu amsamehe, aliukata ukingo wa chini mpaka akazila zote.

Mtihani ni huu. Nikiishona vizuri kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, napewa vitabu vyote vilivyochakaa vya maktaba yao, 212. Nikishindwa, vinakwenda mlango wa pili kwa Jirani wa Fotokopi, ambaye hutoboa kitabu matundu na kukipitishia waya wa plastiki kama uzio wa kuku. Miaka kumi na tisa nashona vitabu, sikufundishwa na mtu. Yeye kanunua mashine mwaka jana, tayari anajiita mjalidi!

Mkutubi kasisitiza: kabla ya kufungua kamba, andika namba kwa penseli kwenye kila fungu. Nimemjibu kwa heshima kwamba hesabu ninayo kichwani.

Nikafungua kamba. Nikasoma mstari wa kwanza, kupima wino tu. Kuja kuinua kichwa, adhuhuri!

Jumanne, 4 Machi

Mungu ambariki aliyeandika hiki kitabu. Mwanamke kaolewa na mtu mpole, mpole kupita kiasi. Vitu vinahama ndani ya nyumba. Mkasi, funguo, picha ya ukutani. Mume anamwambia taratibu: umehamisha mwenyewe, mpenzi, umesahau. Nywele zimenisimama, nazo hazizidi mia mbili.

Mpango. Mafungu matatu kwa siku, siku tisa, 27. Nabaki na nafasi ya fungu moja. Jumatano nashona, Alhamisi navisha jalada, Ijumaa nakabidhi. Rundo nimelificha nyumbani juu ya kabati tangu jana jioni. Asubuhi nachukua matatu ya juu, jioni narudisha chini ya rundo. Mashine haiwezi kufanya hesabu kama hii.

Mke wangu kauliza mbona nimeleta kazi nyumbani. Nimesema karatasi inahitaji hewa kavu. Kanitazama. Kasema haya.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu kinazidi kunoga. Jana mama mkwe kazikwa, mvua inanyesha, waombolezaji wanatazamana. Leo asubuhi, fungu la pili kutoka juu, mama mkwe huyohuyo yuko jikoni anaomba chai iongezwe sukari! Hakuna anayeshangaa! Mwandishi haelezi hata neno moja. Huu ndio ufundi. Anakuacha ujiulize kama mwenye wazimu ni yule mwanamke au ni wewe.

Nilishindwa kujizuia, nikamsimulia Jirani wa Fotokopi. Kaniambia, Mzee Gundi, wewe umenusa gundi nyingi. Namsamehe. Maskini hajawahi kusoma kitu kisichokuwa na mhuri.

Jumamosi, 8 Machi

Jambo la kutisha. Rundo limehama. Niliacha ukingo ukielekea dirishani, nimekuta unaelekea mlangoni. Nimemuuliza mke wangu. Kajibu taratibu, bila kugeuka: umehamisha mwenyewe, umesahau.

Maneno yaleyale! Na sauti ileile ya upole!

Nimekula chakula cha mchana nikimtazama. Miaka kumi na minne ya ndoa. Hajawahi kuniambia jambo kwa upole.

Nimetega mtego. Chaki ya bluu, ile ninayopigia mistari, nimeipaka kwenye kingo za mafungu yote. Nyembamba, huioni.

Jumapili, 9 Machi

Kanaswa! Karudi kutoka zamu ya zahanati na bluu puani, bluu kwenye kola, na mfukoni mwa aproni yake nyeupe mafungu manne. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa nguoni mwake.

Nimemkabili. Hakutetemeka. Kasema alianza Jumatatu ileile, mimi nikiwa bafuni. Anasoma kati ya mgonjwa na mgonjwa, na sasa kamaliza. Kamaliza! Mimi niko fungu la kumi na nane! Anarudisha ya kwake wapi? Juu, kasema, mbona unauliza, si wewe ndiye fundi.

Kisha kaweka masharti. Anajua nani anayehamisha vitu riwayani. Akiniudhi mtu, kasema, jina linaweza kunitoka mdomoni. Nimeosha vyombo. Nimeosha na sufuria ambayo mwenyewe huikimbia.

Hata hivyo nashukuru. Wako wanaume wanaotishiwa kwa mambo mabaya zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemaliza. Fungu la mwisho ni hili: mwanamke anashuka garini na mizigo miwili, anafunguliwa mlango, anaonyeshwa nyumba kwa mara ya kwanza, anasema hapa nitakuwa na furaha. Basi. Imekwisha hapo! Baada ya yote yaliyompata! Nimelia kama mtoto. Maisha ni duara.

Mke wangu kauliza kama nilitegemea kwamba aliyehamisha vitu ni dada yake yule mwanamke. Nimesema ndiyo, tangu mwanzo. Dada gani?

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshona kwa uzi wa nta, mishono mitano kila fungu, jumla 130. Jalada jekundu. Kitabu kinalala wazi kama kiganja. Jirani wa Fotokopi kaja kuegemea mlango, kusikia nikisifiwa.

Mkutubi kakifungua katikati. Kasoma. Kageuza nyuma, kageuza mbele. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kauliza, fundi, huyu mama si alishazikwa?

Nikamweleza kuhusu ufundi wa mwandishi. Nikaeleza duara. Nilieleza vizuri sana.

Kisha kasema kitabu hiki amekisoma mara tatu, na kina mwanzo, kina katikati na kina mwisho, na mimi nimeuweka mwisho ukurasa wa mia. Kauliza kama niliandika namba kwa penseli. Mlangoni mtu akakohoa. Nikakumbuka: mke wangu anarudisha juu, mimi nachukua juu.

Vitabu 212 vilinipita mbele ya macho, kila kimoja na waya wake wa plastiki.

Kanipa mpaka Jumatatu. Mara ya mwisho, kasema. Nilimshukuru mpaka akarudi nyuma hatua mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefumua mishono yote 130. Mafungu mezani, namba hakuna, kichwani pia hakuna. Mke wangu leo hana zamu. Kaniacha nihangaike saa nzima, kisha kavuta kiti na kikombe chake. Kasema, sogea, fundi wangu.

Dakika arobaini! Anashika fungu, anasoma mistari miwili, anasema hapa bado wanachumbiana, hapa dada anaomba funguo kwa mara ya kwanza, hapa picha inahama. Anapanga kama anayegawa karata. Alikisoma kwa mpangilio wake, kila mara akitafuta rundoni fungu linaloendeleza hadithi, hata ufundi wangu ulipokivuruga. Nami nikasikiliza hadithi nzima, safari hii mama mkwe akifa mara moja tu. Ni dada! Dada aliyekuwa akileta matunda! Nilipiga kelele mpaka majirani wakauliza.

Nimepewa riwaya mbili kutoka rundo moja. Na mke anayekumbuka. Nimemwambia ahsante. Kauliza kama ni homa.

Jumatatu, 17 Machi

Mkutubi kakagua fungu kwa fungu, saa nzima, nimesimama. Kafunga kitabu. Kasema mshono huu utawazika watoto wake na wajukuu zake. Vyangu! Vyote 212! Sharti moja: penseli. Karudia mara tatu, nikaitikia mara tatu.

Jirani wa Fotokopi kanipa mkono. Kisha, kwa sauti ya chini, kauliza kama ile nyingine naweza kumtafutia, ile ambamo mama mkwe anafufuka. Nimemwambia hiyo ilitoka nakala moja tu.

Jumanne, 18 Machi

Maboksi tisa yamefika. Juu kabisa kuna kitabu kisicho na jalada, mafungu 31, namba zimeliwa na maji. Mstari wa kwanza unasema mwenye nyumba alikuwa na funguo ambayo hakuna mlango ulioikubali.

Penseli ninayo. Haijachongwa tu. Na 31 si namba ya kumshinda mtu wa hesabu.

Mke wangu kanipokea mlangoni, kalitazama boksi, kauliza nimeleta fungu la ngapi. Nimemjibu la kwanza.

Nadhani ni la kwanza.