Buibui Mdogo Kuliko Punje ya Mchele

Jumatatu, 8 Julai 2019

Mvua tangu alfajiri. Mkutano wa chama chetu cha wapiga picha, chumba cha kusomea magazeti, mjini kwetu Vythiri. Mwenyekiti Kuriakose, mfamasia, akatangaza kwamba mwezi ujao wataalamu wa chuo kikuu wataingia msituni siku tatu kuhesabu buibui. Wanataka mpiga picha mmoja wa vidude vidogo. Mmoja tu. Atachaguliwa Jumapili hii kwa picha moja: kiumbe hai, mdogo kuliko punje ya mchele, aliyepigwa wiki hii.

Nilidhani watanigeukia mimi. Nina studio. Nimepiga harusi mia nne na hakuna bibi harusi aliyetoka bila kichwa. Miaka kumi na miwili nangoja kuingia msitu ule kwa kibali. Lakini Mwalimu Thankamani akanyoosha mkono, na chumba kizima kikamtabasamia yeye.

Mwalimu Thankamani! Miaka sitini na sita, mwalimu wa biolojia mstaafu, ana kamera ambayo hata mwizi angeirudisha. Alinifundisha darasa la nane. Aliniandikia kwenye ripoti: "Gangadharan anatazama lakini haoni." Baba aliisomea jamaa zote.

Sijasahau. Nimekula wali kwa hasira, sikuongeza hata achari.

Jumanne, 9 Julai

Lenzi yangu ya harusi haioni kitu kilicho karibu kuliko urefu wa mkono. Buibui anatoka kama nukta. Nikapanda basi kwenda Kozhikode, kona tisa za mlima, jirani yangu akitapika kwenye mfuko wa mboga.

Duka la Mzee Hamsa. Anauza kamera tangu enzi za filamu. Nikamwambia nataka lenzi ya kupigia wadudu. Akaweka mbili mezani: fupi ya milimita sitini, ndefu ya mia. Akasema zote zinakuza sawasawa, ila fupi inakulazimu umkaribie mdudu mpaka ahisi pumzi yako. Ndefu inakuacha mbali kidogo, mwanga ukapata njia ya kupita. Fupi ni ya stempu na pete za uchumba.

"Stempu haikimbii, mwanangu," akasema. "Buibui anakimbia."

Mwanangu! Nina miaka arobaini na saba. Halafu ndefu ndiyo ilikuwa ghali, na mwenye duka akikusifia kitu ghali ujue anakuchuna. Nikachukua fupi. Kwa nilichookoa nikachukua vingine: mirija mitatu mitupu ya kuisogeza lenzi mbele ili ione karibu zaidi, kioo cha kukuzia cha kufunga mdomoni mwake, taa ya duara ya kuizunguka, na reli ndogo ya kusogezea kamera unywele kwa unywele. Mzee Hamsa akanishauri nichukue kimoja, nikijue kwanza. Nikamwambia afunge mzigo.

Jumatano, 10 Julai

Nimefunga vyote kwa pamoja. Kamera imekuwa ndefu kama bomba la maji. Nikaenda kwenye mibuni nyuma ya nyumba. Nikampata buibui mrukaji, mdogo, macho manne mbele kama taa za lori. Nikasogea. Picha ukungu. Nikasogea tena. Ukungu. Kilichoonekana vizuri kilikuwa chembamba kama karatasi: nikilenga macho, miguu inapotea, nikilenga miguu, macho yanapotea. Upepo ukivuma kidogo tu, buibui mzima hayupo.

Ilipokaribia kuwa sawa, kivuli cha lenzi kikamfunika. Nikawasha taa ya duara. Akaruka, akatua juu ya kioo changu kipya, akakaa hapo. Nilikuwa na buibui mikononi na sikuweza kumpiga picha kwa sababu alikuwa amekalia kamera!

Mke wangu, Vilasini, alikuwa dirishani.

"Baba Reshma, unampiga picha au unamlamba?"

Ruba watatu mguuni. Picha mia mbili na kumi, zote za kufuta. Katika iliyo bora kuliko zote, kila jicho la buibui lina duara jeupe la taa yangu, kama vitumbua vinne kwenye sahani.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda kuangalia adui anafanyaje. Nyumba ya Mwalimu Thankamani ina ukuta mfupi. Nikachungulia.

Amekaa kwenye kigoda cha plastiki, mwavuli umefungwa kwenye kiti kingine. Lenzi yake ni kuukuu, ya kawaida, na ameifunga kinyumenyume, eti ikuze! Mbele nyuma, nyuma mbele, imeshikwa na pete ya bei ya chai. Mbele ya flashi amebandika kipande cheupe cha kopo la mtindi ili mwanga utue taratibu. Mkono wa kushoto unashika jani, na lenzi imeegemea mkono huohuo, kwa hiyo upepo ukivuma jani na kamera vinatikisika pamoja. Hamfukuzi mdudu. Anangoja. Nusu saa nzima sikumwona akibonyeza zaidi ya mara tatu.

Bila kugeuka akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema natafuta mbuzi wetu. Hatuna mbuzi. Mwalimu anajua hatuna mbuzi. Akasema mbuzi akipita ataniita, na chai ni hii.

Akanionyesha picha zake. Niliona nywele zinazozunguka macho ya buibui kama kope. Kope! Nikakasirika kiasi cha kula vipande vinne vya ndizi za kukaanga.

Halafu akatoa daftari la zamani. Mwaka 1989 alipeleka wanafunzi ukingoni mwa msitu ule, akaona buibui mdogo mweusi mwenye nukta saba nyeupe mgongoni. Hakuwa na kamera. Akamchora usiku ule kwa kumbukumbu, akaupeleka mchoro kwa mtaalamu mmoja mjini. Mtaalamu akamjibu kwamba wanafunzi wake wanachora vizuri. Basi. Hakumtafuta tena mtu yeyote, ila buibui hajaacha kumtafuta. Nukta saba, alizihesabu mara mbili.

"Nataka nimwone mara moja tu kabla magoti hayajakataa kabisa," akasema.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mimi nina lenzi mpya na reli. Yeye ana kopo la mtindi na hadithi ya kuliza watu. Huo ni uungwana?

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi nimeandika barua kwa Mwenyekiti. Haina jina. Mwanachama mwenye uchungu na chama anauliza kama ni halali mtu kufunga lenzi kinyumenyume. Je, kesho tutavaa viatu kinyumenyume? Anapendekeza zikubaliwe tu lenzi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikaipitisha chini ya mlango wa duka la dawa kabla halijafunguliwa. Kazi safi.

Mchana nikaenda kununua dawa ya kupaka majeraha ya ruba. Dukani kulikuwa na watu sita. Kuriakose akaitoa barua, akaisoma yote kwa sauti, taratibu, hata pale kwenye viatu. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

"Kaka Gangadharan," akasema, "mwandishi kaficha jina lake vizuri sana. Ila bahasha ni ya studio yako, na namba ya simu ipo."

Akanipa dawa. Akaniambia kanuni hazitabadilika, mdudu haulizi jina la lenzi. Njiani nimeupiga teke mnazi. Mnazi haukuhisi kitu. Kidole changu kimevimba.

Jumamosi, 13 Julai

Tatizo la buibui ni kutembea. Akitulia, vifaa vyangu vitaonyesha uwezo wao. Nani hutulia? Mwenye baridi!

Alfajiri nikampata mrukaji mmoja, mdogo kuliko punje ya mchele, nikamtia kwenye kikopo, kikopo kwenye friji karibu na maziwa. Dakika kumi na mbili. Nikamtoa, nikamweka juu ya jani la mbuni kwenye meza ya jikoni. Kimya kama sanamu. Nikaitoa mirija yote, nikabaki na lenzi na reli. Taa ya duara nikaifunika kwa kitambaa cheupe (hili nilikuwa nalijua siku zote). Nikasogeza reli unywele kwa unywele. Hewa ya jikoni ilikuwa ya joto, mwili wake wa baridi, na mgongoni mwake pakatokea matone madogo kama umande wa milimani. Nikabonyeza.

Picha moja. Kali, macho yote manne, kila unywele. Sijawahi kupiga picha kama ile katika harusi mia nne.

Vilasini akasema friji yake si chumba cha wagonjwa.

Jumapili, 14 Julai

Siandiki kwa hasira. Kalamu imetoboa karatasi yenyewe.

Picha zilionyeshwa kwenye skrini kubwa. Mtaalamu mkuu, Dakta Nivedita, alikuja mwenyewe. Ya Mwalimu ilikuwa buibui jike amekumbatia mayai yake. Watu wakasogeza viti karibu na skrini. Kisha yangu. Watu wakashangilia! Dakta akasifu umande. Akasema angependa kuona tone lile kubwa la mgongoni kwa karibu, maana tone la maji nalo ni lenzi, hubeba picha ya kilicho nyuma yake, juu chini.

Akakuza. Akakuza tena. Ndani ya tone, miguu juu kichwa chini, kulikuwa na friji iliyo wazi, chupa ya maziwa, na mwanamke aliyeshika kiuno akiwa na gauni la kulalia.

Vilasini alikuwa pale pembeni anamimina chai.

"Huyo ni mimi," akasema.

Mtu wa nyuma akapendekeza nishinde katika kundi la picha za familia. Sikuona ni nani. Nitajua.

Mwalimu Thankamani hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu: yule buibui alipona? Nikasema ndiyo, alitoka dirishani kwa miguu yake. Sikumwambia kwamba nilikaa nusu saa nimemshika kiganjani nikimpulizia pumzi ya moto, nikimsihi aamke. Alipoinua mguu wa kwanza nilishukuru kwa sauti. Hayo hayamhusu mtu.

Nafasi amepewa yeye. Kisha akasema magoti yake ni mabaya, anaruhusiwa msaidizi mmoja wa kubeba mizigo na kushika mwavuli, na anamtaka Gangadharan.

"Aliyempuliza buibui akapona hatakanyaga ovyo msituni," akasema.

Nani alimwambia? Vilasini!

Msaidizi. Mimi. Wa kushika mwavuli. Nimekubali kwa sababu sikutaka kumvunjia heshima mzee.

Jumanne, 16 Julai

Nimetafakari kwa utulivu na nimeona kosa langu. Ningemfuta buibui yale matone.

Nimeshuka Kozhikode. Mzee Hamsa amekubali kuichukua lenzi fupi, na akaiweka ile ya mia mezani. Nikamtazama machoni. Mtu anayekusukumia ya mia ana sababu. Nikauliza kama kuna ndefu zaidi. Akapumua, akaleta ya mia mbili, nzito kama mtungi, na akanionya kwamba bila stendi ya miguu mitatu haitulii, na kwamba aliyeshika mwavuli hana mkono wa kushika stendi.

Nimechukua. Hajui hesabu yangu. Nikisimama hatua moja nyuma ya Mwalimu, mwavuli begani, lenzi hii itapita juu ya sikio lake. Buibui wa nukta saba akitokea, nitampiga picha kabla Mwalimu hajakaa kwenye kigoda. Akiwa mpya kwa sayansi, watatafuta jina la kumpa. Nimejaribu kuliandika langu kwa Kilatini, mara ishirini, nyuma ya risiti. Linapendeza.