Naomba Mjukuu Wangu Akatiwe Bima kwa Umri Wangu

Paraschiva Cordoș,
Valea Prunilor,
Jumatatu, wiki moja baada ya Pasaka.

Bwana Mkurugenzi wa Bima,

YAH: MALALAMIKO NA OMBI KUHUSU UMRI

Nakusalimu kwa heshima, wewe na ofisi yako. Mimi ni mjane, mkazi wa nyumba yenye lango la kijani ukishapita kanisa. Sura yangu huijui, lakini kwenye kompyuta zenu mimi ni mtu mkubwa. Nina magari sita. Mwaka juzi mliniletea kalenda na barua ya pongezi mkiniita dereva wa kupigiwa mfano. Naomba unisome kwa utulivu, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kushika usukani.

Usishtuke. Huku kwetu kijana akinunua gari, humwandikisha bibi yake. Ni desturi, kama vile kupaka mayai rangi nyekundu siku ya Pasaka. Kijana akikata bima kwa jina lake anatozwa bei ya ng'ombe. Akikata kwa jina la bibi ambaye hajui breki iko wapi, anatozwa bei ya jogoo. Hesabu hiyo hatukuitunga sisi. Kwa hiyo mpwa wangu Sorinel aliponiletea karatasi ya kwanza na kuniambia, "Shangazi, wewe weka saini hapo, mengine niachie mimi," niliweka. Wakafuata ndugu zake, wakafuata marafiki wa ndugu zake, na hakuna aliyekuja bila kahawa.

Baada ya kujieleza hivyo, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mjukuu wangu Ilinca amelikataa jina langu. Ni binti wa marehemu mwanangu, nimemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, na sasa ana miaka kumi na tisa. Amesomea uuguzi na amepata kazi ya kuwazungukia wagonjwa wa vijiji vya juu, kwa sharti kwamba afike huko kwa gari lake. Basi la asubuhi lilikwisha futwa. Gari lipo, ni Dacia aliyoiacha mume wangu. Kinachokosekana ni bima. Asipoipata kabla ya mwezi kuisha, kazi anapewa mwingine, na yeye atakwenda Italia kuwaogesha wazee wa watu kama walivyokwenda wenzake wote wa darasa. Mimi nitabaki na kuku.

Nilimwambia aandike gari kwa jina langu, yaishe. Akanijibu, "Bibi, anayeendesha ni mimi. Nikimgonga mtu kule juu, aje akudai wewe?" Kosa ni langu, Bwana Mkurugenzi. Nilimfundisha kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nikasahau kumwambia kwamba kwenye bima Mungu haulizwi.

2. Tulikuja ofisini kwako. Binti mmoja mwenye kucha ndefu alibonyeza vitufe, akatutajia bei inayozidi bei ya gari lenyewe. Nilimuuliza kwa upole kama kwa hela hiyo mnatuongezea na gari la pili. Akasema, "Mama, mimi sina ubaya na mtu. Mfumo ndio unasema hivyo." Nikaomba kuongea na huo mfumo. Nikaambiwa hauongei na wateja.

3. Kuna bwana anayeuza hati za bima sokoni, kwenye buti la gari lake, jirani na wauza jibini. Kwake bei ni nzuri, muhuri una tai mwenye mabawa, na alinipa kiti nikae, jambo ambalo ofisini kwako halikutokea. Nilikwisha fungua pochi. Ilinca akaingiza namba ya hati kwenye simu yake kuhakiki, akaona hakuna bima ya namna hiyo duniani. Akamrudishia karatasi mbele za watu. "Kaka, hii kafungie jibini," alimwambia. Yule bwana akajibu, "Dada, watu wazima wote wa hapa wananunua, wewe umetoka wapi?" Nalalamika kwamba mwizi anatujali kuliko ninyi.

4. Hili linaniuma. Kwa kuwa magari ni ya jina langu, na madhambi ya hao vijana yanaletwa nyumbani kwangu. Imeandikwa kwamba nilipigwa picha nikikimbiza gari kando ya bahari. Bahari sijawahi kuiona. Imeandikwa kwamba niligonga vyungu vya maua vya hoteli, tena usiku, Jumamosi, nikiwa kwenye mfungo. Tarishi anazisoma barua kabla yangu, hivyo kijiji kizima kinazijua. Nilipokwenda kuungama kabla ya Pasaka, padri alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza, "Paraschiva, hakuna ulilosahau? La mwendo, kwa mfano?"

Na pamoja na yote hayo, bima yangu bado ni nafuu kuliko ya Ilinca. Hapo ndipo akili yangu ilipogota. Huyu mtoto husimamisha gari bata bukini wapite, na akishapita wa mwisho anangoja kidogo asije akawepo mchelewaji. Sorinel alipanda naye mara moja, akashuka akilalamika, "Ukipanda na huyu unafika na mvi." Mimi nimevunja vyungu vya hoteli, nami ndiye mwema. Yeye hajamkanyaga hata sisimizi, naye ndiye hatari.

5. Kwa kuwa ninyi hamtazami mtu bali umri wake, nami sina ugomvi na sheria, naleta ombi la haki. Umri mnaoutaka tunao nyumbani, tena mwingine umekaa bure. Mimi nina miaka sabini na minane. Dada yangu Saveta ana themanini na mitatu. Ilinca akiendesha, mimi nikakaa mbele na Saveta akakaa nyuma, tukijumlisha na kugawanya kwa watatu tunapata miaka sitini kamili, umri ambao nimeambiwa mnaupenda sana. Saveta amekubali, ila anataka kukaa dirishani. Tena wagonjwa wa Ilinca wote ni wazee wa kupindukia, kwa hiyo kila atakapompeleka mmoja hospitali, bei inapaswa kushuka njiani.

Kama hesabu hii mnaikataa, basi mniambie: anayegonga ni umri au ni mtu? Kama ni umri, uchukueni wangu mumpe mtoto, mimi sina pa kuupeleka. Kama ni mtu, nendeni mkamtazame Ilinca akiwangoja bata.

Nawasalimu wote hapo ofisini, binti wa kucha ndefu, mlinzi aliyenishika mkono kwenye ngazi, na mfumo. Nisalimie pia mama yako mzazi, pamoja na magari yake.

Wako katika kungoja jibu,
Paraschiva Cordoș

N.B. Barua hii imekaa mezani siku chache, na mambo yamebadilika. Ilinca aliuza baiskeli yake na koti lake zuri bila kuniambia, akakata bima ya mwezi mmoja, halali, kwa jina lake. Jana akaanza kazi. Leo asubuhi, akiwa bado amelala kwa uchovu, nilichukua funguo za gari ili niipeleke barua hii posta mwenyewe, kwa maana nilijiuliza, kama kwa miaka yote hii naendesha vizuri hivyo kwenye karatasi, barabarani pana ugumu gani. Nilifika hadi kwa jirani yetu, mwalimu Oltean, basi. Nimepita juu ya uzio wake na mizinga yake ya nyuki. Kabla trafiki hajafika, Ilinca alikuja mbio pekupeku, akanitoa kwenye kiti, na trafiki alipouliza akasema, "Nilikuwa naendesha mimi, afande." Mtoto ambaye hajawahi kusema uongo, na trafiki akauandika. Sasa kule kwenye mfumo atakuwa ameharibikiwa kabla hata ya kuanza, na kazi ataikosa kwa ajili yangu. Kwa hiyo, Bwana Mkurugenzi, ombi la umri nalifuta, nami leseni sina, nifanyeni mnavyotaka. Makosa yote mliyoniandikia kabla ya leo hayakuwa yangu, na niliyabeba. Hili la nyuki ni langu. Naomba liandikwe kwa jina langu.