Mshale Unaotembea Wenyewe

Jumatatu, 4 Novemba 2019
Nimeharibu printa. Makusudi. Munira wangu yuko Handeni kikazi, hapigi simu mpaka pawe na shida. Printa ikigoma huingia kwenye kompyuta ya steshenari yangu akiwa hukohuko. Mshale unatembea wenyewe hapa Manundu, nami najua mwanangu mzima. Leo kaniambia anataka kuufunga mlango huo wa mbali anaoingilia. Eti mashine ya zamani ina tundu, mtu yeyote anapenya bila hata neno la siri. Nikamwomba asubiri vyeti vya mahafali ya chekechea viishe. Kakubali. Alhamdulillahi!

Jumanne, 5 Novemba
Nimechapa majina themanini na manne, kwa kidole kimoja. Yamebaki sita. Filomena wa steshenari ya ng'ambo ya barabara anaitamani kazi hii. Kapita kuuliza kama kompyuta yangu inatumia mkaa.

Jumatano, 6 Novemba
Mshale umetembea! Na sijaharibu kitu! Mtoto kanikumbuka bure. Nikafungua ukurasa, nikaandika: Munira mwanangu, hujambo? Baba yako Twaha hajambo, kifua kimepungua. Bibi yako Mwatumu hajambo, anauliza utakuja lini. Mdogo wako Isihaka hajambo. Mbuzi hajambo, kazaa. Wasiwasi ni juu yako tu.
Hakujibu. Mshale ukaenda kwenye vyeti. Kumbe anakagua kazi yangu! Nikaandika ale vizuri, nikatoka nje. Si adabu kumsimamia mtu akifanya kazi.

Alhamisi, 7 Novemba
Vyeti havifunguki. Hata kimoja. Kuna barua ya Kizungu kwenye skrini. Ikabidi nimwite Filomena aisome. Kaisoma kwa sauti, barabara nzima imesikia: kuna mtu kafungia kazi yangu, anataka alipwe. Mahafali ni keshokutwa.
Nikampigia Munira. Kasema hajaingia tangu Jumatatu.
Sasa nilimsalimia nani? Mwizi anajua mpaka kifua cha mume wangu!

Ijumaa, 8 Novemba
Munira kaja na basi la kwanza. Mwenyewe, kwa miguu yake! Kakonda.
Mwalimu Yuditha wa chekechea kaleta tena orodha ya majina. Filomena katuazima kompyuta yake, kasoma majina, Munira kachapa. Alasiri tumemaliza. Filomena kasema huu si msaada, ni huruma kwa watoto.
Mashine yangu Munira kaifuta yote. Programu mpya ya kuziba lile tundu haiiwezi, imezeeka. Kwa hiyo kafunga ule mlango wa mbali, kaniapisha nisiuguse. Kanigombeza tangu makande yakiwa jikoni mpaka yakaisha kwenye sahani. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 9 Novemba
Watoto wote wamepata vyeti. Munira karudi Handeni.

Jumatatu, 11 Novemba
Siku mbili kimya. Nikapiga, hakupokea. Labda yuko kazini. Labda anaumwa.
Ijumaa nilisimama nyuma yake na chai, nikaona alipobonyeza kufunga. Leo nimebonyeza hapohapo. Mlango uko wazi. Nimeacha ukurasa kwenye skrini, maandishi makubwa:
Munira, sote hatujambo. Mwanambuzi kaanza kusimama. Kama ni wewe, jibu upesi.
Kama si wewe, vyeti tumeshagawa, hakuna cha kuchukua. Lakini nawe una mama, na roho yake haijatulia. Mpelekee salamu upesi.