Saa ya Pijo na Harusi ya Benedikta

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Mwalimu Stanislausi amekuja kulikagua Pijo langu. Jumamosi anamwoza binti yake Benedikta, kanisani Butiama, saa nne kamili. Anatafuta gari la bibi harusi. Mwalimu alikuwa mkuu wa shule miaka mingi na hajawahi kuchelewa popote. Anajisifia hilo kama wengine wanavyojisifia ng'ombe.

Alisifu viti. Alisifu rangi. Kisha akaiona saa ya dashibodi. Imesimama tangu mwaka wa vita. Akauliza imekuwaje. Nikamjibu kwamba saa iko kwa fundi. Alikuwa anaiangalia!

Akasema hampandishi binti yake kwenye gari lisilojua ni saa ngapi. Hapo jirani yangu Wenceslaus akapaza sauti kutoka uani kwake: Datsun yake ina saa ya tarakimu za kijani, zinawaka zenyewe. Tangu walegeze masharti ya kuagiza magari, huyu bwana hana habari nyingine.

Nimepewa mpaka Alhamisi jioni.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeifungua saa mwenyewe. Kwa nini nimpelekee fundi kitu ambacho sijakiona ndani? Ajabu tupu! Kuna springi nyembamba kama unywele, waya mwekundu uliozungushwa mara elfu, na vichuma viwili vinavyotaka kugusana lakini havigusani. Nikavisogeza. Nikaunga betri.

Tak! Saa ikaruka. Nikapiga kelele ya furaha. Kisha moshi.

Marcelina, mke wangu, akauliza ninaunguza nini. Nikasema ni utafiti. Akafungua madirisha yote.

Mchana nikaenda kwa Mhoja, fundi saa wa pale sokoni. Akainusa tu, akanirudishia. Lakini akaniambia kwamba Bunda, mtaa wa Manyamanyama, kwa Mama Wankyo, kuna Pijo bovu la aina moja na langu. Alilionaga mwaka jana, saa ikiwa bado ndani.

Jumatano, 5 Agosti

Nimekwenda Bunda kwa lori la pamba. Petroli yangu ni ya harusi.

Pijo lipo. Halina magurudumu, halina milango, ndani ni banda la kuku. Na saa ipo! Chini yake, juu ya kiti cha dereva, kuku mwekundu anaatamia.

Mama Wankyo akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Saa chukua, baba. Kuku wangu usimguse. Akiyaacha mayai, utaatamia wewe."

Nikauliza sasa nitaichukuaje. Akasema kuku huwa anatokaga saa tisa kula, anarudi mara moja. Nikacheka. Kuku anajuaje saa? Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamkodolea macho. Yeye naye akanikodolea. Saa nzima tukawa hivyo. Nilianza kujiuliza anahesabu nini kichwani.

Redio ya nyumbani kwa Mama Wankyo ilipotangaza saa tisa, kuku akasimama, akajinyoosha, akatoka. Sikuamini! Nikajitupa ndani na bisibisi. Skrubu mbili zikatoka vizuri. Ya tatu ilikuwa na kutu. Kuku akarudi. Mkono wangu una matundu manne, lakini saa ninayo na mayai yote ni mazima.

Alhamisi, 6 Agosti

Mhoja akaifungua. Akavisugua vile vichuma kwa msasa laini, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani, akaunga betri. Tak! Tukasubiri. Baada ya dakika mbili hivi, tak tena. Akanieleza kwamba umeme unaikaza springi kidogo, springi inaendesha mishale, ikilegea umeme unaikaza tena. Inajitia ufunguo yenyewe! Nimefikisha miaka arobaini na mbili bila kulijua hilo.

Akanionya nisiiguse. Inakimbia kidogo, atairekebisha wiki ijayo.

Jioni nikaipanga upya, na Mwalimu akailinganisha papo hapo na saa yake ya mkononi. Sawasawa! Akanishika mkono. Wenceslaus amepewa kubeba keki.

Ijumaa, 7 Agosti

Saa inakimbia dakika tano kila saa. Hii haiwezi kungoja wiki ijayo. Nyuma kuna kiskrubu kidogo chenye alama mbili, moja bila shaka ni haraka, nyingine polepole. Nikakizungusha. Si sana. Mzunguko mmoja, na nusu ya kumalizia.

Nasikia Mwalimu amempa mkwe wake saa yake ya mkononi, zawadi. Amesema gari lina saa.

Jumamosi, 8 Agosti

Asubuhi niliipanga saa kwa redio, tukaondoka saa mbili kamili. Mwalimu mbele, Benedikta nyuma na shela lake. Saa nzuri, inapendeza! Ila ile tak ilikuwa inakuja kwa kusuasua. Nikaendelea kuendesha.

Tulipofika Makutano, Mwalimu akaitazama saa akafurahi. Tuna muda mwingi! Akaamuru tusimame, tukanunua mahindi ya kuchoma. Akaanza kumsimulia binti yake habari za marehemu mama yake, walivyokutana, alivyokuwa anacheka. Akasimulia sana. Akafuta macho kwa leso. Kisha akasema jua la leo limekuwa kali mapema.

Tukaingia Butiama saa ya gari ikisema saa tatu na nusu. Mwalimu akashuka anatabasamu, akawatangazia watu waliojaa nje ya kanisa, "Tumewahi!"

Padri alikuwa amekaa kwenye ngazi na mavazi yake ya misa. Bwana harusi akatazama saa yake mpya, akaona aibu kuisema. Wenceslaus akaisema kwa niaba yake, kwa sauti ya kanisa zima: saa tano na robo!

Sijawahi kumwona mzee amesimama vile. Alishika mlango wa gari kana kwamba ardhi imeondoka. Nikataka kusema ni barabara iliyoitikisa saa. Nikaghairi. Nikasema, "Mwalimu, nimeigusa mimi. Nisamehe."

Kabla hajajibu, Benedikta akamshika baba yake mkono. "Baba, miaka yote nilikuwa nakuulizaga habari za mama, unasema hakuna muda. Leo umeupata. Twende." Wakaingia.

Padri alifupisha mahubiri. Watu walimshukuru.

Jumapili, 9 Agosti

Mwalimu amepita baada ya misa. Hakuigusia harusi. Alipokuwa anaondoka akauliza kama siku moja ninaweza kumpeleka tena Makutano. Nimesema ndiyo.

Jirani wa upande wa pili, Pelagia, analalamika kwamba redio yake inakwaruza. Nimemwambia ana bahati, mambo ya umeme nimeyasomea wiki hii yote. Sasa iko mezani, nimeifungua. Kumbe ndani kuna kidude cha bluu, kidogo kama punje ya mtama! Sijui ni cha nini. Nakivuta nione.